Meza ya Watu Sita

Mwaka nilionunua meza ya chakula Kyela mjini, nilikuwa najifunza Kihispania kwenye simu, na neno mesa lilikuwa limenikolea kichwani. Ni meza yetu hii hii. Sisi tuliipata kwa jirani zao Wareno. Kwetu inamtosha karani, muuza nyanya na maharusi. Wahispania wana hata neno, sobremesa, la kubaki mmekaa mkipiga soga baada ya kula. Nami wa Tanga, niliyelelewa kwenye mkeka, nikajiona nimestaarabika.

Kwa kweli meza ile niliinunua kwa ajili ya baba mkwe. Ndoa ilifungwa kwetu, naye hakusafiri, kwa hiyo hatukuwahi kuonana. Nilitaka anipende, basi. Siku anakuja kutoka Makwale nilipika wali na samaki mbasa, nikapanga sahani mpaka na uma, ingawa hakuna aliyeuhitaji.

Alipofika mlangoni nilimkimbilia na adabu zangu zote za pwani.

"Shikamoo baba! Karibu mezani!"

Mzee alijifunika uso kwa kofia, akageuka, akaingia migombani kwa mbio zisizolingana na umri wake.

Nilitaka kulia. Mume wangu alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, seuze kula pamoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani mzee keshaacha hayo."

"Basi kamfuate!"

Alimrudisha, wakaketi barazani, mume wangu akawa anapokea sahani kwangu na kumpelekea. Mimi nikabaki ndani, mtu mmoja na viti sita, nimetega sikio dirishani kama mpelelezi. Sikujua kama mzee anakula au anakisukumia chakula pembeni, na roho iliniuma.

Kisha akapaza sauti, akimwambia mwanawe waliyekaa naye bega kwa bega:

"Mwambie mwenzio samaki kazidi chumvi. Na kama wali bado upo, niongezwe. Ndaga fijo."

Nilijua maneno hayo mawili tu ya Kinyakyusa: asante sana. Nikampakulia sufuria nzima.

Tangu hapo huja kila mwezi, na kila mwezi chumvi imezidi. Sura yake mpaka leo siijui. Najua anapenda ukoko, nami humwekea.