Yoga na Baba Mkwe Nyuma ya Pazia

Wanawake wanaotaka kuanza yoga huniuliza wavae nini na wale nini kabla ya kuja. Nawajibu: vaa nguo isiyobana, usije na tumbo lililojaa ndizi, na usishindane na jirani yako. Kisha nawaambia waulize kwanza ni nani mwingine yumo darasani. Hilo la mwisho nililijua kwa kuaibika.

Ilikuwa miaka ile mitumba imefurika soko la Tukuyu na wanunuzi binafsi wa kahawa wanafika hadi vijijini. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Suruali za mitumba za kupunguza zilikuwa haziishi, na ikifika saa kumi jioni mgongo unaniuma kama uliopigiliwa msumari. Mteja wangu mmoja, nesi mstaafu aliyewahi kusomea India, aliniona nikijinyanyua kitini kwa kushika meza.

"Mwanangu, umekuwa bibi kabla ya wakati," alisema. "Njoo ghalani Jumamosi asubuhi. Nafundisha yoga."

Nilimuuliza kama hiyo siyo dini ya Wahindi, maana kanisani kwetu maneno yalikuwa yameshaanza. Alicheka. "Kusali utasali kanisani. Kwangu tunanyoosha mgongo tu."

Ghala hilo lilikuwa la kahawa, nalo lilibaki tupu baada ya biashara kubadilika. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi hata ukitandika mkeka na blanketi. Siku ya kwanza nilikuja nimeshiba ndizi na maharage. Tulipoambiwa tuiname, nilicheua kwa sauti mpaka darasa zima likapoteza pumzi kwa kicheko. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja mchuma chai kutoka Masukulu, mwenye umri wa mama yangu. Aliinama, akagusa vidole vya miguu, na bado akaendelea kunisimulia habari za mbuzi wake. Nilijilazimisha nimfikie. Kesho yake nilishindwa kufunga viatu.

Jumamosi ya tatu ndipo yaliponikuta. Nilikuwa nimevaa traksuti ya mtumba, mikono na miguu sakafuni, kiuno juu, nikasikia kikohozi mlangoni. Kikohozi hicho nilikijua. Kilikuwa cha baba mkwe.

Kwetu Wanyakyusa, mke na baba wa mumewe hawaonani uso kwa uso. Akija njia hii, wewe unashika ile. Nilikuwa na miaka sita katika ndoa, na kwa mbali nilikuwa nimeiona kofia yake tu. Na leo, mimi nimevaa suruali, tena katika mkao ule! Nilitambaa mpaka nyuma ya rundo la magunia, nikajifunika blanketi kichwani.

"Umeona nyoka?" mwalimu aliuliza.

"Mkwe," nikanong'ona.

Mwalimu alishika mdomo. Ni yeye aliyemwita mzee yule kwa ajili ya magoti, bila kujua kwamba sisi ni wakwe. Naye mzee alikuwa amekwisha kutambua. Alikuwa amegeuka, amesimama mvuani ametupa mgongo.

"Mwalimu," alisema, "mwambie mama wa wajukuu zangu aendelee. Mimi narudi kwangu Masoko."

Moyo uliniuma. Alikuwa amesafiri juu ya pikapu ya ndizi na magoti yale mabovu. "Mwalimu, mwambie baba asiondoke," nikasema ndani ya blanketi. "Mimi bado kijana, nitaondoka mimi."

"Mwambie hapana."

"Mwambie nimekataa."

Mwalimu alikuwa akigeuza shingo huku na huku, ingawa kila mmoja wetu alimsikia mwenzake vizuri. Mwishowe yule mchuma chai alichoka. "Mnatupotezea asubuhi," alisema. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni. "Leteni na vyenu. Tafuteni kamba."

Tulifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, tukatundika vitenge vitano. Mzee akaingia upande wa mlangoni, mimi nikabaki upande wa dirishani. Mwalimu akasimama mbele, anapoonekana na wote wawili.

Basi tukafanya hivyo miezi mingi. Nilimjua baba mkwe kwa masikio: anavyoguna akikunja goti, anavyocheka akianguka. Sikuwa nimewahi kujua kuwa ni mtu wa kucheka.

Siku moja, tumelala chali wote kumalizia mazoezi, kamba ikakatika. Vitenge vyote vikashuka pwaa! Kabla sijajua nifanye nini, nikasikia sauti yake: "Mwalimu, mimi nimefumba macho! Nimefumba tangu mwanzo!"

"Mwambie na mimi pia!" nikapiga kelele, nimejifunika kitenge cha mtu mwingine usoni.

Darasa lilicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Yeye alicheka kuliko wote, nami chini ya kitenge nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Wiki hiyo mama mkwe alikuja dukani kwangu na mkungu wa ndizi. "Mzee amekutumia," alisema. "Siku hizi anapanda hadi kwenye kahawa zake bila fimbo. Anasema uliposema asiondoke, hakutegemea."

"Mwambie ndaga fijo, asante sana," nikamjibu.

"Na anasema usile hizi Jumamosi asubuhi. Kule nyuma ya pazia alikuwa anasikia kila kitu."