Viganja vya Skola

Mimi kasino siipendi, lakini jirani yangu Skola nnamvulia kofia. Yeye hugawa karata kwenye kasino ya hoteli moja ya Mji Mkongwe. Kule mgeni akitaka kumpa bakshishi hampi mkononi; huweka mezani kete, kile kidude kinachotumika badala ya pesa. Skola huigonga kwenye meza ili msimamizi asikie, hushukuru, kisha huitia kwenye sanduku la wafanyakazi wote. Akiondoka mezani hupiga kofi kwa viganja vyake viwili na kuvionesha vitupu, ijulikane hakuficha kitu.

Bi Mwanaasha, mpishi mwenzangu wa harusini, ndiye aliyeisema vibaya sana kazi hiyo hapa mtaani Ng'ambo.

Kwenye harusi ya Nadra, binti wa hapa mtaani, Skola alikuja kutusaidia kupika. Mjomba wa bwana harusi akalisifu pilau, akamtia Skola noti mkononi. Skola akagonga sufuria kwa upawa, wapishi sote tukageuka.

"Tumepewa," alisema, akaiweka noti kwenye bakuli katikati yetu. Akapiga kofi, akatuonesha viganja.

Bi Mwanaasha akafungua pindo la kanga yake taratibu, akatoa noti ya bakshishi aliyopewa asubuhi bila sisi kujua, akaitia bakulini. Kisha naye akapiga kofi, akatuonesha viganja vyake.