Mama Aguti na Darasa la Kitandani

Saa tatu asubuhi, Mukuju. Mzee Okiror amelala chali nyumbani kwake, wanawake sita wanaojifunza kuuguza wamemzunguka.

"Mimi si gunia la pamba!" anafoka. "Wewe nakamata bega kwanza, halafu kiuno!"

Mastula, binti wa mfanyabiashara wa Busia, anarudisha mikono nyuma kwa haya.

"Mzee, pole pole," mwalimu wake, Mama Aguti, anacheka. "Leo ndiyo mara yake ya kwanza."

Mama Aguti alikuwa akifua mashuka hospitalini Tororo mwaka 1951, mama yake alipopatwa na kiharusi.

"Tulimwosha, tukamlisha, tukadhani yatosha," anasimulia. "Hatukujua kumgeuza. Mgongo ukachubuka hadi nyama ikaonekana. Alikuwa akiuma shuka ili tusimsikie."

Akamwomba sista wa wodi amfundishe. Kila jioni, akishamaliza kufua, alisimama kando ya vitanda akijifunza. Vidonda vikapona. Mama yake aliishi miaka minne zaidi, akazikwa ngozi yake ikiwa nzima.

Majirani wakaanza kumwita, mpaka akazidiwa. "Leo Kirewa, kesho Mukuju, miguu ni hii miwili. Nikasema, bora tuwe wengi."

Mzee Okiror, aliyeanguka kutoka kwenye lori la pamba akapooza miguu, alimfukuza mara mbili. "Mwanamume mzima nioshwe na binti wa watu?" anakumbuka. Vidonda vilipomshinda, akamwita mwenyewe. Siku hizi ndiye anayejitolea ili wanafunzi wajifunzie kwake, na kuwakemea hakumchoshi.

Mastula anajaribu tena: mkono begani, mkono kiunoni. Yeye na mwenzake wanamkalisha mzee, wanamhamishia kitini, kisha wote wanambeba hadi uani.

Okiror anakunja uso kwa mwanga. Halafu ananyoosha kidole.

"Yule ng'ombe mwekundu amezaa lini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Anaomba aletewe ndama, anampapasa kichwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hamkemei mtu.

Mastula anajifuta macho. "Bibi yangu alivunjika nyonga," anasema. "Hajaona jua tangu Ramadhani. Baba alisema aachwe tu, apumzike."

"Jumatatu tunakwenda kwake Busia wote," Mama Aguti anamjibu. "Baba yako nitaongea naye mimi."

Baada ya Busia anataka kufungua darasa jingine Masinya. Akiulizwa kwa nini anajichosha hivyo, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Nami nazeeka, mwanangu. Hawa ndio watakaonigeuza. Nisiwafundishe vizuri?"