Mkanda wa Tatu Kabla ya wa Pili

Nilitoka Nyakasimbi asubuhi moja bila kujua ninakokwenda. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na kukaa mahali pamoja kulinishinda. Mjini Kayanga nikamkuta mzee anashusha mashine ya chuma kwenye gari. Nikaikodolea macho.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Shikamoo. Naangalia tu."

"Marahaba. Basi angalia huku umebeba."

Ndivyo nilivyoajiriwa na Fundi Mkuu wa sinema.

Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu, jueni kwamba filamu yetu ilikuja kwa mikanda mitatu, kila mmoja na kopo lake la bati lenye namba. Mkanda ukichanika, uliukata, ukaukwangua, ukauunga kwa gundi. Kila kijiji tulichofika, ukumbi ulikuwa ghala la kahawa. Jumapili baada ya ibada tuliziba madirisha kwa magunia na kutundika shuka jeupe, Fundi akasimama kando yake akitafsiri kwa Kinyambo. Nilipapenda mno mahali pale penye giza la mchana na harufu ya buni.

Mara ya kwanza kuachiwa mashine ilikuwa kijijini Chonyonyo. Asubuhi nilikuwa nimeunga mikanda, nikairudisha kwenye makopo yasiyo yake. Kwa hiyo baada ya mkanda wa kwanza nikaweka wa tatu. Mama wa kwenye filamu akafa, akazikwa, na Fundi akaomboleza hadi wanawake wakalia. Nikaweka mkanda uliobaki. Mama yule yule akatokea, anachochea moto.

Bibi mmoja wa mbele akasema, "Weee! Si tumemzika huyu sasa hivi?"

Nilijua kazi imekwisha. Nikazima mashine. "Bibi, kosa ni langu. Nimetanguliza mkanda wa tatu. Naanza upya."

"Uanze upya umuue tena? Washa! Mwache mama wa watu apike."

Ghala zima likacheka. Filamu yetu siku ile ikaishia mama akiwapakulia wanawe.

Tulipokuwa tunakunja shuka, nilimwambia Fundi kwamba naondoka. Nilizoea kuondoka kabla ya kufukuzwa.

"Utaondoka, ndiyo," akasema. "Kesho, uende Nkwenda na mashine ya pili. Peke yako."

"Mimi niliyekosea?"

"Umekosea ukasema. Wenzako huficha mkanda ulioungua, mimi nautambua umeshaharibika wote."

Kazi ile niliifanya hadi mikanda ikaacha kuja. Sasa nimestaafu, na ninamshukuru Fundi, na yule bibi ambaye jina lake sikuuliza.

Lakini ile kesho yake, baada ya Chonyonyo, nilifika Nkwenda jua likizama, nikapata chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Mama mwenye nyumba akafungua kitabu cha wageni: jina, ninakotoka, ninakokwenda.

"Kazi?"

Katika nyumba zote za wageni nilizowahi kulala kabla ya hapo, kwenye nafasi ya kazi niliandikisha kistari tu.

"Fundi sinema," nikasema.

Akaandika, akanipa ufunguo.