Mama Upendo na Simu Kumi na Mbili

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: simu za ofisi yetu ya ushirika pale Masasi zilifungwa na Mama Upendo, karani wa masjala, si na mtaalamu yeyote wa Dar es Salaam. Nasema hivyo mimi Dunstan, mtunza stoo, niliyemcheka asubuhi nzima.

Ilikuwa mwaka 2008. Tangu biashara huria iingie, kampuni za simu zilikuwa zimeota kama uyoga, na sisi tukanunua simu kumi na mbili za mezani zinazopitia intaneti. Kila moja lazima iwe na namba yake ya kuitambulisha kwenye mtandao. Kazi ya kuzipa namba nilipewa mimi. Nikaziandika kwenye daftari, nikaziingiza moja moja, na kwa ujuzi wangu mkubwa nikazipa simu mbili namba ileile. Zikawa zinaangushana siku nzima, hii ikishika mtandao ile inakatika.

Asubuhi moja meneja wetu, Mzee Yeremia, akachoka. "Nimeagiza fundi Dar. Kesho anapanda basi."

"Mzee, nipe mimi mpaka saa sita, tawi letu la Newala litakapopiga," akasema Mama Upendo. Wiki tatu alikuwa akisoma kitabu cha mitambo ile wakati wa chakula, kamusi mkononi. Miaka tisa amepanga mafaili, na ufundi ndio aliokuwa akiutamani.

"Ukishindwa?"

"Narudi kwenye mafaili, wala sigusi tena waya."

Akafuta namba zangu zote. Moyo uliniuma, sifichi. Akaupanga mtambo mkuu ugawe wenyewe: simu ikiwashwa inaomba namba, inapewa ambayo haina mwenyewe. Akaziwasha. Saba zikakubali palepale! Tano zikagoma. Ilishafika saa tano na nusu, nikamwambia mafaili yanamsubiri.

Yeye akapita meza hadi meza akisoma namba kwenye vioo vya simu, kisha akasimama ghafla.

"Baba Silvano," akaniita, "hizi tano zimepata namba, ila si zangu. Kuna mwingine anagawa humu ndani!"

"Umejuaje?"

"Nimekulia Kitangari mimi. Bombani kwetu mama mmoja ndiye aliyepanga foleni ya ndoo. Siku moja akajitokeza wa pili, naye akapanga ya kwake. Maji yalitoka, lakini nusu yetu tulirudi na ndoo tupu na manundu kichwani."

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Akaufuata waya ukutani, mimi nyuma yake, mpaka chumbani kwa Fikirini, mhasibu. Nyuma ya kabati kiliwaka kisanduku kidogo alichojinunulia apate intaneti kwenye kompyuta yake. Nacho kilikuwa kinagawa namba!

"Samahani, shemeji," akasema Mama Upendo, akakichomoa.

Tukazizima zile tano, tukaziwasha upya. Nikahesabu kwa sauti: nane, tisa, kumi, kumi na moja... Ya kumi na mbili, ya meneja, ilisitasita, ikakubali, na papo hapo ikalia. Newala! Mzee Yeremia akainua mkonga, na sauti ya Severina wa tawi la kule ikatoka safi: "Shikamoo mzee! Korosho za Mnyambe zimefika!" Nikaruka, nikamkumbatia Fikirini bila sababu.

Mzee Yeremia alipomaliza hakuuweka chini mkonga wa simu. Akapiga Dar, sote tukisikia.

"Huyo fundi wenu asipande basi," akasema. "Fundi tunaye. Na kesho anakwenda kufunga za Newala."