Barua Isiyo na Maua

Habari za kifo cha rafiki yangu wa Nyeri zilinifikia mara mbili kwa siku moja. Asubuhi nilizikuta gazetini, ndani ya fremu nyeusi, pamoja na picha yake akiwa amevaa tai ambayo sikuwahi kumwona nayo, na chini ya picha orodha ya jamaa iliyokuwa ndefu hata jina lake mwenyewe likaonekana limebanwa mlangoni. Nilisoma, nikasikitika kwa namna ile ya jumla ambayo mtu husikitika akiwa na kikombe cha chai mkononi, kisha nikafungua ukurasa wa michezo. Mchana nikawasha kompyuta ya ofisini na kukuta barua pepe ya mkewe. Haikuwa na maneno mengi. "Mzee alienda Jumatatu, kifua kilimshinda. Tunamzika Ijumaa hapa nyumbani. Unakuja? Nijibu ndio ama hapana, nijue chakula." Kando ya jina lake kulikuwa na nyota moja, ile alama ndogo inayokaa juu ya nambari nane kwenye kibodi. Hapo ndipo nilipoinuka nikaenda kusimama dirishani.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua siwezi kueleza jambo bila kuzunguka mlima kwanza. Leo nina udhuru, kwa kuwa mlima wenyewe umo. Marehemu alikuwa mchoraji wa mabango. Kama umewahi kupita Kagio au Kutus ukaona ukutani mwa bucha ng'ombe anayetabasamu kana kwamba hajaelezwa yuko wapi, huenda ng'ombe huyo ni kazi yake. Alibuni pia kadi za harambee, za harusi na za kuaga walimu wakuu, na hakuna kona aliyoiacha tupu. Kona, kwake yeye, ilikuwa mahali pa kuchora waridi. Kwa miaka mingi alikuwa pia mlevi. Nalisema bila kumvunjia heshima, maana yeye mwenyewe alilisimulia kanisani kila alipopewa nafasi, na mara nyingine bila kupewa. Aliacha pombe kwa shida, akaanguka, akaacha tena. Alipoacha mara ya mwisho, yeye na kaka yake walirithi nyumba ya mawe ya baba yao, kando ya barabara ya kuelekea Naro Moru, wakaifanya nyumba ya kulala wageni wanaopanda mlima. Yeye na mkewe wakahamia chumba cha nyuma.

Wageni walikuja mwanzoni, kisha wakapungua, kisha wakakosekana. Kaka yake, ambaye hana subira na vitanda vitupu, alitoa uamuzi: kiangazi cha Januari kikipita bila wageni, sebule itakuwa baa. "Baa haijawahi kukosa watu," alisema, "hata mvua inyeshe mawe." Hakuwa na ubaya. Alikuwa na nusu ya nyumba na macho ya kibiashara. Lakini ukuta wa sebule ile ndio uliokuwa ukuta wa kitanda cha ndugu yake, na mke wa marehemu aliliona jambo hili kuliko sisi sote. Nilipokwenda kuwasalimu Desemba hiyo, miaka miwili iliyopita, alinisindikiza hadi langoni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia viazi, "Akilala hapo kando ya kaunta mwezi mmoja, mimi ni mjane."

Ndiyo sababu tukajikuta watatu mbele ya kompyuta. Mjini Nyeri kulikuwa na ofisi moja ya kupiga chapa ambayo ilikuwa imeanza kutuma barua pepe, na wapanda mlima wa miaka ya nyuma walikuwa wamemwachia marehemu anwani zao. Mpango ulikuwa kuwaandikia wote warudi Januari. Mimi niliitwa kwa kuwa nilisoma chuo kikuu, kosa ambalo watu wa kwetu hawajanisamehe. Marehemu aliniita Profesa tangu siku niliyohitimu, ingawa sijawahi kufundisha hata darasa la jioni. Lakini barua ya kwanza hakunishirikisha. Mwenye ofisi alimwonyesha kwamba barua pepe za siku hizi zinaweza kubeba rangi na picha, na mchoraji wa mabango akapandwa na furaha. Alikaa hapo adhuhuri nzima. Barua ilikuwa na mlima katikati, utepe wa dhahabu pembeni, waridi kona zote nne, na juu kabisa, kwa herufi zinazopinda kama mashina ya maharagwe, maneno yaliyosema kwamba yeye na mkewe wana furaha kubwa kuwaalika.

Majibu yalikuja taratibu. Mtu mmoja aliandika kwamba amepokea ukurasa mzima wa mabano na alama, na akauliza kama kompyuta yetu ni mgonjwa. Mwingine alilalamika kwamba barua ilichukua muda mrefu kuingia hadi laini ya simu iliyoileta ikakatika. Wa tatu, mama mmoja wa Ulaya mwenye adabu nyingi, aliwatakia maharusi heri na kusikitika kwamba hataweza kuhudhuria. Mke wa marehemu alicheka mpaka akashika meza. "Wewe umenioa tena bila kuniambia?" akamuuliza mumewe. "Na nguo iko wapi?" Marehemu hakucheka. "Hawa watu hawajui kazi safi," alisema. "Hata kuku unampamba ndio auzike." Mkewe akamjibu kwamba kuku huuzwa akiwa na manyoya yake tu, na kwamba kule sokoni hajawahi kuona hata mmoja amefungwa utepe.

Basi ikawa zamu yangu. Nilisema kwa kujiamini kwamba dawa ni maandishi matupu, yasiyo na rangi wala picha, yanayofika kwenye kompyuta yoyote, na nikaketi kuandika. Niliandika juu ya mlima, barafu yake, imani za wazee wetu kuuhusu, mwanga wa asubuhi, na nafsi ya binadamu mbele ya kimo. Mwenye ofisi aliisoma barua akakohoa. Marehemu aliisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma. "Profesa, hii ni ndefu kama ibada ya mwaka mpya," alisema. "Na yangu angalau ilikuwa na maua." Tuliituma hivyo hivyo. Tulipata jibu moja, la mwalimu mstaafu aliyenishukuru na kunisahihisha kuhusu barafu. Kwa hiyo nilijifunza kwamba barua inaweza kukosa ua hata moja na bado ikawa imejaa mapambo.

Wakati huo kaka yake alikuwa ameshakuja kupima sebule. Marehemu alimshikilia upande mmoja wa kamba ya kupimia, kisha akaingia jikoni akakaa. Nilikuwepo. Mkewe aliendelea kumenya viazi, na baada ya muda akasema, "Kadi za harambee zikikuja hapa, wewe unaweka wapi? Unaweka nyuma ya redio. Hata zile umechora wewe mwenyewe. Ukiona tu waridi unajua hapo kuna mtu anataka kitu, na unaficha. Lakini siku jirani alituma neno tu, ati njoo unisaidie kuinua paa, si uliacha chai ikipoa?" Marehemu alitazama redio. Kadi zilikuwepo nyuma yake, nene kama tofali, na mimi nikakumbuka rundo langu la Nairobi, ambalo nimelihifadhi chini ya kamusi.

Kesho yake alisimama nyuma ya kiti changu pale ofisini na kusema, nami nikatafsiri na kupiga chapa. "Mimi ni yule aliwapikia supu mkirudi na mvua. Mvua imeisha. Mlima unaonekana kutoka kwa kitanda cha dirishani, lakini saa nne mawingu yanaufunika, kwa hivyo mtaamka mapema. Maji moto ni jioni, nikishawasha kuni. Mnakuja? Nijibu tu ndio ama hapana, nijue kuku." Nilijaribu kuingiza neno "adhimu" mbele ya mlima. "Toa hiyo," alisema. "Wameshauona." Alikubali kila kitu kiwe kitupu, isipokuwa jina lake, ambalo alilitazama kwa muda akasema linaonekana kama la mtu aliyenyimwa nguo. Tukamtafutia nyota ile ya juu ya nambari nane. Akaridhika, ingawa aliuliza kama haina rangi nyekundu.

Walijibu. Wengine walisema hapana, lakini walijibu, na hilo peke yake lilimshangaza. Wachache walisema ndiyo, wakaja, wakawaambia wenzao, na Januari haikupita na vitanda vitupu. Kaka yake alikuja siku moja kuona, akapewa kisu cha kukata nyama ya wageni, na neno baa halikusikika tena. Kabla ya wageni wa kwanza kufika marehemu alipaka lango lote rangi, akaandika KARIBU kwa rangi zote alizokuwa nazo, na kuzunguka neno hilo akachora waridi mpaka pakaisha nafasi. Mkewe hakumzuia. Nilipomtania kwamba amerudia maradhi yake, alinijibu bila kugeuka, brashi ikiendelea, "Hawa wameshasema ndio, Profesa. Sasa wacha niwaonyeshe."

Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi, hasa sasa muongo huu unapokwisha na kila mwenye kitu cha kuuza anajifunza kutupigia kelele kwa rangi mpya. Mezani pangu ofisini zinafika barua zinazometameta, na kila moja inaniita mteja mpendwa. Sidhani zilizoandikwa ovyo ni za kweli zaidi. Mimi mwenyewe nimeshaandika upuuzi mwingi kwa wino mweusi usio na pambo. Nadhani tu kwamba kumwita mtu ni kazi moja na kumpokea ni nyingine. Anayeitwa anahitaji kujua nani anamwita, kuna nini, na mahali pa kuweka jibu lake. Mapambo yakitangulia hujaza mahali pale, na yeye hubaki bila la kufanya ila kutazama, kisha kufungua ukurasa wa michezo.

Siku ile nilirudi kutoka dirishani nikamjibu mjane kwa neno moja: ndiyo. Ijumaa tulimzika nyuma ya nyumba ya mawe, nyumba ambayo hadi leo haina kaunta. Ratiba ya ibada ilikuwa na waridi kona zote nne, na utepe wa dhahabu. Mkewe aliniona nikiitazama. "Yeye angetaka," alisema, "na nyinyi mmeshafika." Nimeileta Nairobi. Sikuiweka chini ya kamusi.