Siagi ya Njugu Ilivyoingia Makambini

Nasema bila haya: siagi ya njugu iliingia makambi ya Wasabato kwetu Nyamira, nilikoolewa, kwa mkono wangu. Anayebisha aje tubishane, mimi nipo.

Nilizaliwa Nyamache, nyumba ya chai na ndizi, na huko njugu zilikuwa kitu cha kutafuna tu. Zilipanda kutoka upande wa ziwa kwa magunia siku ya soko, mama akazikaanga kwa chumvi, tukazimaliza kabla hazijapoa. Siagi yake niliionea bwenini, shule ya upili. Msichana mmoja alikuja nayo kwenye kopo, na tangu siku hiyo hakufua sare yake mwenyewe. Tulipanga foleni kumfulia, sare moja kwa kijiko kimoja. Siku hizi mambo yamegeuka. Mjini Kisii kuna vibanda vyenye mashine ya umeme, unachagua njugu zako unasagiwa ukitazama. Wajawazito wanainunua, wanafunzi wanainunua, na vijana wa kunyanyua vyuma wanaila kwa kijiko kama uji.

Kwa mama mkwe wangu, hayo yote yalikuwa upuuzi wa mjini. Yeye ndiye mkuu wa jiko la makambi, ule mkutano wa kila mwaka ambapo kanisa zima huhamia kwenye mahema, likahubiriwa na kulishwa. Mimi nilikuwa mke mpya, tumepanga nyumba Nyanchwa, mjini Kisii, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila nilichopika alikionja kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi. Basi kwenye kikao cha akina mama nikasimama. Nikapendekeza kwamba kifungua kinywa cha Sabato kiwe mkate na ndizi mbivu kwa siagi ya njugu tuliyosaga wenyewe, si majarini ya duka. Nikawaeleza nilichosikia kwa mchungaji, kwamba Wasabato wa zamani kule Amerika, waliokuwa wakiwaachisha watu nyama, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitengeneza. Chakula hiki ni chetu, nikasema, kimechelewa tu kufika.

"Hao walikuwa Wasabato wa Amerika," mama mkwe akajibu. "Sisi ni Wasabato wa Nyamira."

Walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Hasira zikanipanda. Nikatamka mbele yao wote kwamba watu wasipoila, sitafungua mdomo tena kuhusu jiko la kanisa maisha yangu yote. Mama mkwe alikubali upesi mno, na majarini haikununuliwa.

Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likizama Sabato imeingia: hakuna kupika, hakuna kusaga, hakuna kununua, hadi jua la Jumamosi lizame. Mimi na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, tulikaanga njugu tangu asubuhi bomani kwa mama mkwe, tukazipukusa maganda, tukazibeba hadi kwenye mashine ya kusaga unga sokoni. Foleni ya wanawake wenye wimbi ilikuwa imefika barabarani, maana kila mtu alitaka unga kabla ya Sabato. Mwenye mashine alikataa. Nikambembeleza, nikamwambia kinachosagika ni kinachosagika. Jamani! Wimbi hutoa unga, njugu hutoa mafuta. Mashine ilikohoa, ikanuka, ikanyamaza. Nilipogeuka, foleni nzima ilikuwa inanitazama.

Sijawahi kusemwa vile. Niliambiwa kwa Ekegusii, lugha yetu, maneno ambayo siyaandiki hapa, na yalitoka kwa watu waliokuwa wametoka kuomba. Ilitubidi tuichokoe mashine kwa vijiti na kumimina pumba za mahindi zinyonye mafuta, mpaka ikakubali tena. Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilitaka kulia, kwa kweli. Kesho yake watu wangekula mkate mkavu kwa sababu yangu, na jina langu lingekuwa wimbo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaliona jiwe lake la kusagia wimbi, lile alilorithi kwa mama mkwe wake, ambalo hata binti zake hawakuligusa.

"Mama," nikasema, "naomba jiwe."

Alinitazama kwanza, kisha akalitazama jua. "Ulirudishe likiwa safi," akasema.

Nilipiga magoti nikasaga. Njugu juu ya jiwe huwa vumbi, kisha hushikamana, kisha ghafla hulainika na kung'aa, na harufu yake ikajaa boma zima. Mabega yaliniwaka. Nikichoka wifi ananipokea, naye akichoka nampokea. Majirani wawili waliokuja kuchungulia walijifunga leso wakaingia zamu. Jua lilipogusa kilima, ndoo zetu zilikuwa zimejaa, karai moja la njugu limebaki halijasagwa, nami nalifuta jiwe kwa kitambaa.

Asubuhi makambini nilisimama nyuma ya meza. Mzee mmoja wa kanisa alionja kwa ncha ya kidole, akafikiri, akaongeza mkate. Baada yake sikuona tena mwisho wa foleni. Watu walipaka ndizi, wakapaka viazi vitamu, wengine wakapaka kiganja wakalamba. Nilifurahi hadi nikasahau kula! Wale wanawake wa foleni ya mashine walikuja pia, na sikuwa na roho mbaya ya kuwakumbusha jana. Naongopa, niliwakumbusha mmoja mmoja.

Mkuu wa jiko hula mwisho, ndivyo desturi ilivyo. Mama mkwe alipofika mezani ndoo zilikuwa zimekwanguliwa. Akauliza kwa sauti ya chini kama haikubaki hata kidogo. Nikamwambia njugu zipo nyumbani, karai zima, ila leo ni Sabato. Kati yetu sote, yeye ndiye asingeweza kuivunja.

Jioni nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda kando ya jiwe lake, karai lile limekaa mapajani, macho yakiwa juu ya mashamba ya chai. Alinisogezea kigoda cha pili.

"Jua la leo," akasema, "ni vivu sana."